Mawingu Mawili ya Kusini na Njia ya Tabora



Jaalia umerudishwa nyuma miaka mia na hamsini na ushei, ukajikuta Tabora, katika nchi ya Unyanyembe, mahali ambapo wasafiri wa zama hizo walipaita Kaze. Ni mwezi wa Septemba, kiangazi kimekauka, na ni saa kumi za usiku. Mwezi umekwisha kutua. Kirangozi, ambaye ndiye kiongozi wa njia, ameamka. Wapagazi wanafunga mizigo yao, kila mmoja frasila mbili au karibu yake, kwani desturi ilikuwa kuondoka mapema ili mwendo mrefu ukatwe kabla jua halijawa kali. Hebu toka nje ya tembe, elekea kusini, uinue macho.

Utaona mawingu mawili madogo, meupe, hafifu, kama vipande vilivyokatika kutoka ule mkanda mweupe wa nyota tuuitao Njia Nyeupe. Lililo kubwa liko upande wa kushoto, lililo dogo upande wa kulia. Upepo unavuma, nayo hayasogei. Usiku wa kesho utayakuta tena, yakizunguka pamoja na nyota bila ya kupungua wala kuachana.

Hayo si mawingu ya mvua. Makala haya yanataka kukueleza ni kitu gani, na yamejulikanaje, na kwa nini habari yake yafaa kuzingatiwa na sisi watu wa pwani tunapoikumbuka ile njia ambayo wapagazi wale walikuwa wakiikanyaga.

Suheli na majirani zake

Sisi tunalo neno suheli. Wazee wetu walilitumia kwa maana ya upande wa kusini, na asili yake ni jina la nyota, Suhail kwa Kiarabu, ambayo ni ya pili kwa mng'aro katika nyota zote za usiku. Manahodha waliokuja na kaskazi na kurejea na kusi waliijua vizuri. Katika dira yao ya nyota, iliyokuwa na pande 32, upande mmoja uliitwa mawio ya Suheli na mwingine machweo ya Suheli. Ahmad bin Majid wa Julfar, nahodha mkubwa wa karne ya 15, aliandika kitabu kizima juu ya elimu hiyo ya kuongoza vyombo.

Ama mawingu yetu mawili yako chini zaidi ya Suheli, kuelekea ncha ya kusini. Ndiyo maana mtu aliye Makka huweza kuiona Suheli, lakini wingu kubwa kwake huwa limelala kwenye ukingo wa dunia, haliinuki likaonekana. Tabora, iliyo nyuzi 5 kusini ya ikweta, wingu hilo hupanda hadi nyuzi 26 hivi. Nyosha mkono wako ukunje ngumi: upana wa ngumi ni kiasi cha nyuzi 10. Basi wingu hupanda ngumi mbili na nusu juu ya ukingo wa dunia. Mombasa na Unguja hali ni karibu hiyo hiyo.

Wanazuoni wa Kiislamu walikuwa wakitazama vitu vya namna hii mapema sana. Abdul-Rahman al-Sufi, aliyezaliwa Rayy mwaka 903, alitunga mwaka 964 kitabu chake mashuhuri cha nyota zisizotembea, na humo akaandika habari ya wingu dogo la anga ya kaskazini ambalo leo twalijua kuwa ni galaksi ya Andromeda. Hayo ndiyo maandishi ya kale kabisa yanayojulikana juu yake. Hakuwa na darubini. Alikuwa na macho, subira, na uaminifu wa kuandika alichokiona.

Mawingu ya kusini yalipewa jina baadaye sana. Jahazi za Magellan zilipoondoka Hispania mwaka 1519 kuizunguka dunia, alikuwamo mtu aitwaye Pigafetta, naye akayaandika mawingu hayo. Wazungu wakayaita Mawingu ya Magellan, na jina likabaki. Lakini kitu hakianzi kuwapo siku kilipoandikwa. Burton na Speke walipofika Kaze tarehe 7 Novemba 1857, baada ya mwendo wa siku 134 kutoka pwani, walikaribishwa na mfanya biashara wa Kiarabu, Snay bin Amir, katika mji uliokuwa na nyumba zake, soko lake na wageni wake. Na Wanyamwezi, wenye nchi, walikuwapo kabla ya wote hao. Ndivyo yalivyo na mawingu: kila aliyeamka alfajiri katika nchi hizi alikuwa nayo mbele ya macho yake.

Wingu dogo latoa kipimo

Mwaka 1912 reli ya kati, iliyojengwa na Wajerumani kutoka Dar es Salaam, ilifika Tabora, na mizigo ikaanza kushuka mabegani mwa wapagazi. Mwaka huo huo, huko Marekani, mwanamke aitwaye Henrietta Leavitt, aliyefanya kazi katika kituo cha nyota cha Harvard, alitoa habari ya nyota 25 za wingu dogo. Nyota hizo mwanga wake huongezeka na kupungua kwa zamu. Leavitt aligundua kwamba kadiri zamu inavyokuwa ndefu ndivyo nyota inavyokuwa na mwanga mkubwa kwa asili yake.

Faida yake ni hii. Ukiona taa kwa mbali usiku huwezi kujua kama ni kibatari kilicho karibu au karabai iliyo mbali. Lakini ukijua hakika kwamba ni karabai, basi kwa jinsi inavyofifia utaweza kukisia umbali wake. Kwa kipimo hicho, katika miaka ya 1920, Edwin Hubble alionyesha kwamba lile wingu la al-Sufi liko nje kabisa ya Njia Nyeupe, kwamba ni mji mwingine wa nyota. Miji ya namna hiyo ndiyo tuiitayo galaksi. Jua letu ni nyota moja tu katika galaksi yetu, na Njia Nyeupe ndiyo galaksi hiyo ionekanavyo kwa mtu aliye ndani yake.

Mawingu mawili ya kusini nayo ni galaksi, ila ni ndogo kuliko yetu, na ni majirani. Mwanga huenda kilomita 300,000 kwa sekunde moja. Hata hivyo mwanga wa wingu kubwa huchukua kiasi cha miaka 160,000 kutufikia, na wa wingu dogo kiasi cha miaka 200,000. Mwanga wa Andromeda huchukua miaka milioni 2 na nusu. Kwa hiyo ule mwanga uliomfikia mpagazi pale Tabora ulianza safari kabla ya mji wowote wa dunia kujengwa.

Kisichoonekana kwa macho

Sasa tufikie jambo lenyewe. Nyota hutokana na nini? Hutokana na gesi, na iliyo nyingi kupita zote ni haidrojeni. Gesi hiyo hutanda katikati ya nyota ikiwa nyepesi mno. Mahali ikijikusanya hujibana kwa uzito wake, ikapata joto, mpaka nyota ikawaka. Kwa mfano wa nyumbani, gesi ni unga na nyota ni mikate. Mikate iliyo sinia yaonyesha kilichopikwa leo. Ukitaka kujua kama nyumba itapika kesho, tazama pipa la unga.

Taabu ni kuwa haidrojeni iliyo baridi haiwaki, haionekani. Mwaka 1944, nchi ya Uholanzi ikiwa imekaliwa na majeshi ya Ujerumani, kijana mmoja, Hendrik van de Hulst, alionyesha kwa hesabu kwamba gesi hiyo hutoa mawimbi ya redio yenye urefu wa sentimita 21. Mwaka 1951 Ewen na Purcell wa Harvard waliyanasa mawimbi hayo. Mwaka 1953 Kerr na Hindman wa Australia, ambao anga yao ni ya kusini, walielekeza chombo chao kwenye mawingu yetu mawili, wakakuta haidrojeni tele ndani yake na pembeni mwake.

Kisha mambo yakazidi kufunuka. Mwaka 1963 ilibainika kwamba mawingu hayo, ambayo kwa macho yametengana kabisa, yameunganishwa na ukanda wa gesi uliotoka moja hadi jingine. Ukanda huo huitwa Daraja la Magellan. Na mwaka 1974 Mathewson, Cleary na Murray, wakitumia darubini ya redio ya Parkes huko Australia, walitangaza kwamba nyuma ya mawingu kuna mkondo mrefu wa gesi uliopita angani. Leo twajua kuwa mkondo huo hushika zaidi ya nyuzi 100 za anga, nayo anga yote tunayoiona kutoka ukingo mmoja wa dunia hadi wa pili ni nyuzi 180. Jicho haliuoni hata kidogo. Nao ndio athari ya safari ya galaksi hizo mbili, kama mavumbi yabakiavyo juu ya njia baada ya msafara kupita.

Wala si jirani zetu hawa peke yao. Galaksi mbili za anga ya kaskazini, M81 na M82, zilizo mbali miaka milioni 12 ya mwendo wa mwanga, katika picha za kawaida huonekana kila moja imekaa peke yake. Ramani ya haidrojeni iliyotolewa mwaka 1994 ilionyesha kwamba zimefungamana, pamoja na galaksi ya tatu iliyo karibu nazo, kwa kamba ndefu za gesi. Waliodhaniwa hawana habari ya mwenziwe walikuwa wamekwisha kupitiana karibu na kuchukuliana mali.

Nani aliyevuta?

Ewe msomaji wa pwani, wewe huna haja ya mwalimu wa mbali kukufahamisha nguvu iliyofanya haya. Wajua maji kujaa na maji kupwa, na wajua bamvua. Mwezi huivuta dunia, lakini upande ulio karibu naye huvutwa zaidi kuliko ulio mbali, na kwa tofauti hiyo bahari hunyooka na kuinuka. Galaksi mbili zipitapo karibu, kila moja huiletea mwenzake bamvua yake, na gesi, kwa kuwa ni nyepesi na imetanda mbali, ndiyo ya mwanzo kutoka. Isitoshe, galaksi yetu imezungukwa na gesi ya moto iliyo nyepesi sana. Mawingu yapitapo ndani yake hupambana nayo, na gesi yao husukumwa nyuma kama buibui la mwanamke aendaye kinyume cha upepo.

Kwa muda mrefu wataalamu walidhani jambo limekwisha: mawingu yameizunguka galaksi yetu mara nyingi, na galaksi yetu, kwa ukubwa wake, ndiyo iliyoyapokonya. Lakini vipimo vya darubini ya Hubble vilivyotolewa mwaka 2006 na baadaye vilionyesha kwamba mawingu yanakwenda mbio kuliko ilivyodhaniwa, hata ikaonekana huenda hii ndiyo mara yao ya kwanza kutukaribia. Ikabidi hesabu ifanywe upya. Ikaonekana kwamba mawingu yenyewe kwa yenyewe yamevutana sana, na kwamba sehemu kubwa ya gesi ilianza kutoka kabla ya kufika kwetu. Mwaka 2013, kwa kuipima gesi yenyewe imechanganyika na vitu gani, ilibainika kwamba iliyo nyingi katika mkondo ilitoka kwenye wingu dogo, na nyingine ilitoka kwenye wingu kubwa. Aliyekuwa mdogo ndiye aliyepoteza zaidi.

Na uchunguzi haujesha. Mwaka 2018 wataalamu wa Australia walionyesha kwamba wingu dogo hata sasa linatoa gesi, ikisukumwa na nguvu za nyota zake lenyewe. Mwaka huo huo Afrika ya Kusini ilizindua MeerKAT, chombo cha sahani 64 zinazosikiliza mawimbi hayo hayo ya sentimita 21. Anga ya kusini sasa husomwa pia kutoka katika bara letu.

Njia nayo ina athari zake

Turudi Tabora. Njia ile ilianzia Bagamoyo na mwambao wake, ikapita Mpwapwa na Kilimatinde, ikafika Unyanyembe, na hapo ikagawanyika: mkono mmoja kwenda Ujiji kwenye ziwa la Tanganyika, mwingine kaskazini kwenda Karagwe na Buganda. Leo mwenye kupita kwa gari huenda asiione. Lakini athari zake zipo: miembe mikongwe ambayo wazee husema ilipandwa zama za misafara, misikiti, lugha hii yetu inayosemwa mbali na bahari, na ile tembe ya Kwihara, karibu na Tabora, alikokaa Livingstone kutoka Februari hadi Agosti 1872. Mwaka 2006 Tanzania iliiandikisha njia hiyo katika orodha ya awali ya urithi wa dunia ya UNESCO, na jina iliyoandikiwa lina maneno mawili mazito: watumwa na pembe.

Hapa ndipo penye kutugusa. Katika majumba yetu mengi njia ya bara husimuliwa kwa fahari: mababu walikwenda wakarudi na mali, wakajenga, wakaeneza dini. Hayo yana ukweli wake. Lakini njia ile ile walipita watu waliofungwa, wakaja pwani bila ya hiari yao, wengine wakafia njiani. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na hali ya utumwa katika Tanganyika haikufutwa na sheria mpaka mwaka 1922. Pwani ilikuwa na uzito wake, nao uzito huo ulivuta. Na katika kuvuta huko, wadogo ndio waliopoteza zaidi.

Kuna na kosa la upande wa pili, nalo ni kusema kila aliyebeba mzigo katika njia ile alikuwa mtumwa. Sivyo. Wapagazi wengi wa Kinyamwezi walikuwa watu huru, walifanya kazi kwa ujira, na waliona fahari katika kazi hiyo. Wanyamwezi walikuwa na misafara yao wenyewe iliyoshuka pwani. Na walikuwapo wakuu wa bara waliokuwa na nguvu zao, kama Mirambo, ambaye mwaka 1871 aliifunga njia ya Ujiji kwa vita, asikubali kuvutwa tu. Pia walikuwapo wa bara waliowauza wenzao. Nguvu zilitoka pande nyingi, kama hesabu mpya ya mawingu ilivyoonyesha.

Usikae ukasema, Basi mwandishi ameyalinganisha mambo yasiyolingana. Ni kweli hayalingani, na tofauti yake ndiyo ibra yenyewe. Galaksi haina akili wala hiari. Ikivuta imevuta kwa namna ilivyoumbwa, na hailaumiwi. Gesi iliyotoka haikulia, na penye lile Daraja zimezaliwa nyota mpya, pasipo mtu kudhulumiwa. Ama mwanadamu hufahamu, na huweza kuuzuia mkono wake. Dini waliyokuwa nayo wafanya biashara wale ilihesabu kumwacha mtumwa huru kuwa katika amali bora, nao walilijua hilo. Kwa hiyo mwenye kusema kwamba biashara ilikuwa ndivyo dunia ilivyokwenda, amemfanya binadamu kuwa gesi.

Nalo jambo la pili la kuzingatia ni mwenendo wa wenye elimu. Walikuwa na kauli waliyoizoea juu ya mawingu yale. Vipimo vilipokuja kinyume, waliirekebisha, na hakuna aliyepungukiwa heshima. Sisi nasi tukiipata habari ya babu isiyokuwa nzuri, katika barua ya zamani au katika maneno ya mzee wa bara, tusiifiche kwa ajili ya jina la nyumba, wala tusiiongeze kwa kutaka kuwatukana waliotangulia. Tuiandike kama al-Sufi alivyoandika, kwa kadiri tulivyoiona.

Basi, ndugu msomaji, msimu wa kaskazi, katika miezi ya Desemba na Januari, usiku usio na mbalamwezi, saa tatu au nne, watoe watoto wako uwani au ufukweni, mbali na taa. Waonyeshe Suheli kwanza, kisha wateremshe macho mpaka kwenye mawingu mawili. Waambie kwamba katikati yake kuna daraja wasiloliona, na nyuma yake kuna mkondo uliopita angani, na kwamba watu waliujua kwa kusikiliza kwa subira. Kisha wasimulie ile njia ya Tabora, yote, waliokwenda kwa hiari yao na waliofungwa. Mtoto akikuuliza, Na sisi tulikuwa upande gani? usimnyamazishe. Mjibu unalolijua.